Kariakoo, Natafuta TV Isiyojua Kitu

Hebu niambie, msomaji wangu. Umewahi kuingia dukani, ukaomba kitu kwa Kiswahili kabisa, muuzaji akakutazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, halafu akamwita mwenzake aje asikie? Basi hayo ndiyo yaliyonikuta Kariakoo, Jumamosi moja ya jua kali, niliposema, “Kaka yangu, nataka TV isiyo smati.”

“Isiyo nini?”

“Isiyo smati. Ya kawaida. Ukibonyeza inawaka, inaonyesha chaneli, basi.”

Akacheka. Mwenzake naye akacheka. “Dada, si uongeze hela kidogo tu? Sisi tutakufanyia bei nzuri.” Alidhani tatizo ni pochi. Kumbe hela ninayo, ninachokosa ni TV!

Ngoja nianze mwanzo, maana ukinisikiliza nusu utaniona mshamba.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Muheza, mkoani Tanga, kule kwenye machungwa. Mama alitutoka miaka miwili iliyopita. Miongoni mwa vitu alivyoviacha ni TV ya chogo, inchi 21, juu ya kabati la vyombo, na kitambaa cheupe cha kuifunikia alichokifuma kwa mkono wake. TV ile ndiyo ilikuwa saa ya nyumba. Saa mbili kamili usiku Baba anabonyeza, taarifa ya habari inaanza, Mama anatoka jikoni anajifuta mikono kwenye kanga, anakaa. Hapo huruhusiwi kuongea mpaka hali ya hewa ipite. Hawakuwa watu wa kushikana mikono mbele ya watoto, wale. Lakini mimi ninayehariri kurasa za mapenzi kila mwezi nakuambia, nikiulizwa mapenzi niliyoyaona kwa macho yangu, nitataja ile nusu saa.

Mwaka jana chogo likafa. Kaka yangu, ambaye Mungu amemjalia, hakusubiri kuambiwa mara mbili. Akanunua TV smati ya inchi 55, akaipeleka kwa gari lake mwenyewe, na fundi wa kuitundika ukutani, na kile kimashine cha intaneti cha kuweka laini. Picha ikapigwa, ikarushwa kwenye grupu la familia, sote tukaweka makopa. Mimi niliweka matatu.

Miezi minne baadaye nikaenda kumsalimia Baba. Saa mbili ikafika. TV imefunikwa na kile kitambaa cha Mama, ambacho masikini kimefika nusu tu, kama mtoto aliyevaa shati la mdogo wake. Baba amekaa kwenye kiti chake, redio ndogo mapajani.

“Baba, mbona huangalii habari?”

“Umeme mdogo.”

Umeme mdogo, na feni linazunguka mpaka kalenda inataka kuruka ukutani! Nikanyamaza. Alipokwenda kulala, nikaiwasha.

Kwanza ikaja nembo ya kampuni, ikakaa weee. Halafu ukurasa wenye vijipicha safu kwa safu, na juu kabisa tangazo la filamu linalocheza lenyewe bila kuombwa, mwanamke wa Kizungu na nguo ya kulalia. Chini yake, katuni walizoziacha wajukuu likizo iliyopita. Kisha kikatokea kisanduku kinachotaka nikubali masharti mapya, kwa Kiingereza, kurasa na kurasa. Nikakubali (nani anasoma?). Kikaja kingine kinataka kuboresha programu. Ili nifike kwenye king'amuzi cha Baba, ambacho ndicho chenye habari za saa mbili, ilibidi niteremke kwa mshale, niende kulia mara tano, nichague kijipicha kilichoandikwa HDMI 2. Mimi, mwenye digrii ya mawasiliano, nilitumia dakika tatu. Na ukiizima na kuiwasha, unaanza upya na yule mwanamke wa nguo ya kulalia.

Sasa mfikirie mzee wa miaka sabini na kitu, aliyefundisha nusu ya watu wazima wa mji ule kusoma na kuandika, ambaye watu walikuwa wakimletea barua awasomee. Kila jioni amwite kijana wa jirani aje “amfungulie TV”? Leo atamwita, kesho atamwita, keshokutwa atasema umeme mdogo.

Hakuniambia kwamba imemshinda, wala mimi sikumuuliza. Kuna maswali ambayo mtoto hamuulizi baba yake.

Nilijaribu nilichoweza. Nikaichomoa kwenye intaneti. Yule mwanamke akaondoka, nikashukuru, lakini pale alipokuwa pakabaki visanduku vya kijivu vitupu na maandishi yanayoomba niunganishe tena. Zipo TV ambazo ukiingia kwenye mipangilio unaiambia ikiwaka ifungukie pale ilipozimiwa. Hii haikuwa mojawapo. Nikarudi Dar na jambo moja kichwani: nitamtafutia Baba TV isiyojua kitu.

Na ukitafuta kitu Dar, unakwenda Kariakoo. Nilishuka kwenye daladala ya Tabata, begi nimelikumbatia kifuani kama kichanga, nikaingia. Jina lenyewe, kama ulikuwa hujui, linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi hapa. Wenyeji wakalitamka walivyoweza, likabaki Kariakoo. Mji ulianza kwa watu waliobebeshwa mizigo ya wengine na mpaka leo hawajaitua. Vijana wa mikokoteni wanakupigia kelele “pisha, pisha!”, guta limejaa majokofu, mama amebeba beseni la mihogo, na katikati ya hayo kuna bwana amesimama kabisa njiani anaongea na simu kuhusu kontena.

Kuna kitu kimebadilika hata hivyo, nakiona kila nikija. Watu wanatazama juu. Tangu ghorofa lilipoporomoka hapa Novemba 2024, mtaa wa Mchikichi, likaua watu zaidi ya 20, unamkuta mtu kabla hajaingia dukani anapandisha macho kwenye nguzo. Anaangalia, anasema bismillahi, anaingia. Biashara lazima iendelee.

Kila bidhaa ina mtaa wake. Vitenge na kanga utavipata Uhuru, nguo za madukani Congo, simu Aggrey. TV zimetapakaa. Pale Msimbazi zimepangwa ukuta mzima, zote zinaonyesha samaki wale wale wa rangi wanaoogelea kwenye maji ya Bahari gani sijui, maana yetu haina maji safi namna ile pale Feri. Nikaingia fremu ya kwanza, ya pili, ya tano. Inchi 65, smati. Inchi 55, smati. 50, smati. 43, “dada hizi zote ni smati, za kawaida kampuni zimeacha kuleta.” Kwenye rimoti vitufe vya Netflix na YouTube vimekaa pale katikati kama wenye nyumba, kitufe cha kubadilisha king'amuzi kimesukumwa pembeni, kidogo kama punje ya mchele.

Nilikuwa nimesoma soma kidogo kabla ya kuja, ndiyo kazi yetu, kwa hiyo nilijua ni kwa nini. TV smati haiuzwi ikaisha. Inaendelea kuuza ikiwa sebuleni kwako. Pale mwanzo inapofungukia ni ubao wa matangazo, na kila kijipicha kina mwenyewe aliyelipia akae pale. Tena nyingi zinachungulia: zinapiga picha ndogo ndogo za kinachoonekana kwenye kioo, zinalinganisha na maktaba ya vipindi, zinajua unaangalia nini, hata kama kimetoka kwenye king'amuzi au deki. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi ya kukusanya habari za watazamaji kwenye TV milioni 11 bila ridhaa yao. Na hawakuachana na biashara hiyo, walianza tu kuomba ruhusa. Kwenye robo moja ya mwaka 2021 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kuwa faida iliyotokana na upande wa matangazo na takwimu ilizidi mara mbili ile ya kuuza TV zenyewe. Sasa mtu wa namna hiyo akuuzie TV isiyo na matangazo ili iweje? Mwaka 2023 ikazuka kampuni nyingine huko huko, Telly, ikasema yenyewe itawapa watu TV bure kabisa, ila chini yake kuna kioo cha pili cha matangazo.

Ndiyo maana bei zimeshuka hivi. Mwenzangu unaona ofa, unashangilia, kumbe umeuziwa nusu bei kwa sababu nusu nyingine ni wewe.

Wala usidhani mimi ni mtu wa kuchukia maendeleo. Kwangu ninayo TV smati, mume wangu anaangalia mpira, mimi naangalia tamthilia za Kituruki, na ile safu ya “endelea kutazama” imeshatugombanisha mara moja. (Alikuwa ameangalia vipindi vinne mbele yangu, peke yake, usiku nimelala. Nisamehe mtu kwa hilo?) Lakini sisi tunajua kubonyeza. Tukikasirika tunaizima intaneti. Mzee wa watu hana njia hiyo.

Nilipotoka fremu ya saba nimechoka, kijana mmoja mwenye jezi nyekundu akanifuata. Winga. Kama huwajui, hawa ni vijana wasio na duka ila wana maduka yote; wanakuchukua barabarani, wanakupeleka penye mzigo, wanakula cha juu.

“Sister, nimekusikia pale. Unatafuta TV ya kawaida. Sema ukubwa, sema bajeti, mengine niachie mimi.”

Kwa kawaida mawinga nawakimbia. Siku hiyo nilimfuata. Akanipitisha Likoma, tukakata kushoto, tukapanda ngazi za ghorofa ambalo na mimi nililitazama juu kwanza, tukakuta TV za volti 12, zile za kutumia na sola. Kumbe huko kwenye sola ndiko TV za kawaida zilikojificha! Hazina intaneti, hazina mbwembwe, zinatumia umeme kidogo, maana zimetengenezwa kwa ajili ya nyumba ambayo betri ikiisha usiku umeisha. Nilizipenda. Lakini inchi 24, na Baba ana umeme wa gridi. Tukaendelea. Akanionyesha TV za mtumba kutoka Ulaya, za kuanzia kama 2010, nene, nzito, zilizozaliwa kabla ya ujanja huu. Picha safi kabisa. Tatizo la mtumba ni moja, ukitoka nayo pale mlangoni ni yako, na Muheza ni mbali na pale mlangoni.

Mwisho akanipeleka kwa fundi, nyuma ya mtaa wa Nyamwezi, chini ya ngazi. Mzee wa makamo, miwani puani, chuma cha kulehemu mkononi, TV zimelala kifudifudi pande zote kama wagonjwa wa mgongo.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba mwanangu. Imekufa au inaonyesha michirizi?”

Nikamweleza. Huyu hakucheka. Akageuza TV iliyokuwa mezani, akaifunua kifuniko cha nyuma, akanionyesha kwa bisibisi kama daktari anayeonyesha picha ya eksirei.

“Tazama. TV nzima ni vitu vitatu. Kioo hiki. Taa za nyuma hizi, ndizo zinazoungua. Na bodi hii. Kioo hakina akili, taa hazina akili. Akili yote iko hapa kwenye bodi, na umbea wote uko hapa hapa.”

Akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. TV smati nyingi zinazoletwa kwake zimekufa bodi, na bodi halisi ni ghali au haipatikani. Anachofanya anaitoa, anafunga bodi ya kawaida, ile wanayoiita yunivasali, anaipangia programu inayoendana na kioo kile, anaunganisha waya wa kioo na wa taa, mchezo umekwisha. TV inazaliwa upya bila akili. Ina chaneli, ina HDMI, ina mahali pa flashi, inakumbuka ulipoiachia. Wateja, anasema, wanakuja wakilalamika kwamba TV imepoteza YouTube. “Wewe ni wa kwanza kuja kuiomba hivyo.”

Moyo ukanidunda. Kwa hiyo naweza kuichukua ile ile ya kaka, zawadi ikabaki zawadi, ukuta ukabaki ukuta, Baba akapata habari zake!

“Ni ya inchi ngapi?”

“55.”

“Bila shaka ni 4K. Hiyo bodi zetu hizi hazifai, kioo chake kinataka kingine. Tena ina waranti, sivyo? Na umesema iko Muheza. Kioo cha 55 kwenye basi kwenda na kurudi! Usiiguse, mwanangu. Mzee anakaa hatua ngapi kutoka kwenye TV?”

“Nne.”

“Ile ya chogo ilikuwa ngapi?”

“21.”

“Basi mtafutie 32. Hizo bado zipo mpya za kawaida, wanazileta za bei ya chini kwa ajili ya mikoani na gesti. Uangalie ina matundu ya rangi, njano, nyekundu na nyeupe, siku king'amuzi kikibadilika isikusumbue. Na usikubali kuondoka hujaizima ukutani ukaiwasha tena.”

Sikumlipa chochote, alikataa. Nikamnunulia soda.

Kabla sijanunua, ilibidi nimpigie kaka. Nilisimama kwenye kivuli cha mama muuza mihogo, sikio moja nimeliziba kwa kidole. Msomaji, nimewahi kuhariri makala ngapi za jinsi ya kuongea na ndugu mambo magumu? Yote niliyasahau.

“Kaka, nataka kumnunulia Baba TV nyingine. Ndogo. Ya kawaida.”

“Kwa hiyo niliyonunua mimi ni takataka?”

“Siyo hivyo.”

“Unajua nilinunua shilingi ngapi?”

“Kaka, Baba anaifunika.”

Kimya. Nikasikia pumzi zake.

“Anaifunika tangu lini?”

“Nadhani tangu ulipoondoka.”

“Mbona kila Jumapili nikimpigia ananiambia ameangalia mpira? Ananitajia mpaka wafungaji.”

“Anasikiliza redioni.”

Kimya tena, kirefu. Mama wa mihogo aligeuza mihogo yake yote upande wa pili. Kaka akasema, kwa sauti ambayo sikuisikia tangu msiba wa Mama, “Alikuwa hataki kuniumiza.” Halafu akasema, “Basi usimwambie kama nimejua.”

Nikanunua ile ya 32 kwenye duka lile lile la kwanza, ukitaka kujua Kariakoo ilivyo. Zilikuwepo, nyuma, chini ya maboksi ya sabufa, hazikuwekwa mbele kwa sababu hakuna faida ya maana. Nikamwambia muuzaji alete king'amuzi, achomeke, aweke chaneli. Akaweka. Nikamwambia azime ukutani. Akazima. Awashe. Ikawaka, nembo sekunde chache, halafu palee, kwenye chaneli ile ile, mtangazaji anaongea. Nikamwomba arudie. Akarudia mara tatu, safari hii hacheki.

“Ni ya mzee, eeh?”

“Ya Baba.”

“Si ungesema tangu mwanzo, dada! Mama yangu yuko Singida, nimempelekea smati, kila siku ananibipu nimfungulie kwa simu. Nimwambie ‘bonyeza kulia, mama’, ananiuliza kulia kwangu au kulia kwake.” Akakaa kidogo akiangalia boksi. “Zimebaki mbili.”

Tuliongea bei, ikatoka 280,000 ikashuka 245,000, nikadai risiti ya EFD na waranti ya mwaka mmoja yenye muhuri. Yule winga alichukua chake, na kwa mara ya kwanza maishani sikuona uchungu.

Safari ya Muheza sitakuchosha nayo. Kituo cha Magufuli alfajiri, kondakta anataka nauli ya TV kama abiria, tumebishana, nimelipa nusu. Chalinze, daraja la Wami, Segera, pale unapoanza kuona machungwa yamepangwa kwenye meza za barabarani unajua umefika nyumbani. Boksi nililiweka katikati ya magoti njia nzima.

Nikiwa ndani ya basi nilikumbuka TV ya kwanza niliyoiona. Ilikuwa hiyo hiyo familia, Muheza hapo hapo, chogo dogo la inchi 14. Sisi wa Bara tulichelewa; Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, huku kwetu vituo vilianza 1994. Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki, nilikuwa na miaka tisa. Baba aliitoa ile TV nje, akaiweka barazani juu ya stuli, akapandisha antena kwenye mwembe kwa mti wa mwanzi, na watu wakajaa uwanja mzima, kwenye mikeka, juu ya baiskeli, watoto mabegani. Picha ilikuwa chenga tupu. Kila ikipotea Baba anapiga kelele kwa kijana aliyeko juu ya mwembe, “Geuza! Geuza! Hapo hapo!” na watu wazima wanalia kimya kimya. Baba ndiye aliyekuwa mwenye rimoti, ingawa TV ile haikuwa na rimoti.

Mwaka 2012 unaisha Dar ikazima mitambo ya analojia, mikoa ikafuata, na antena za mwembe zikafa. Baba akanunua king'amuzi, akajifunza mwenyewe kwa kusoma kijitabu. Hakuwahi kuwa mzee wa kushindwa na mashine.

Nilifika saa kumi jioni. Nikaweka boksi sebuleni, nikaanza uongo niliokuwa nimeufanyia mazoezi tangu Wami.

“Baba, hii nilipata kwa ofa. Kwangu haina nafasi. Nikasema niilete ikae huku, hata chumbani.”

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

“Nafasi imekosekana. Nyumba ya vyumba vitatu.”

“Vitu vimejaa, Baba.”

“Hm.”

Akalizunguka boksi. Akasoma maandishi yote ya ubavuni, kwa sauti, kama anakagua daftari. Akauliza volti ngapi. Akauliza ina matundu ya rangi. Nikasema inayo, matatu. Akatingisha kichwa. Hakuuliza kama ina intaneti.

“Kaka yako anajua?”

“Anajua nini, Baba?”

Akaniangalia muda mrefu kidogo. “Basi,” akasema.

Ile kubwa hakutaka iguswe. “Hiyo ni ya kaka yako, wajukuu wakija watacheza katuni.” Ndogo akataka iwekwe juu ya kabati la vyombo, pale pale pa chogo, ambapo mbao ilikuwa bado na alama nne za miguu. Waya wa king'amuzi akachomeka mwenyewe. Nilinyoosha mkono nimsaidie, nikaurudisha.

Saa mbili kasoro dakika moja akatoa kitambaa cha Mama kwenye ile ya ukutani, akakikunja mara mbili, akakiweka pembeni ya king'amuzi. Akakaa kwenye kiti chake. Akabonyeza mara moja. Mwanga ukawaka usoni mwake, muziki wa habari ukaanza, na mimi nikatoka jikoni na vikombe vya chai nikasimama katikati ya sebule kama mjinga.

“Sogea,” akasema. “Unaniziba.”